Swali la lugha: Marumaru hufinyangwa?

SWALI: Naandaa makala kuhusu Gian Lorenzo Bernini, mchongaji wa Italia wa karne ya 17. Nimeandika hivi: "Bernini aliyafinyanga marumaru haya laini kama nyama." Rafiki yangu anasema sentensi hiyo ina makosa matatu. Mimi nakubali moja tu, tena dogo. Tuamulie. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Rafiki yako amehesabu sawasawa, ila kosa la tatu ni la maana kuliko anavyodhani.

Dogo kwanza. Marumaru iko katika ngeli ya I-ZI: marumaru hii imeng'arishwa, marumaru hizi zimetoka Carrara, Italia. Ile ma- ya mwanzoni huwahadaa wengi wakaidhania ni ya wingi, kama ya mawe na mapaja. Hakuna rumaru moja. Hata fundi wa sakafu, ambaye vigae vya kawaida navyo huviita marumaru, atakuuliza: "Hizi marumaru unataka za rangi gani?" Mfuate yeye.

Kufinyanga ni kazi ya mkono na kitu kinachokubali kufinywa. Udongo ukikosea unaurudisha donge, unaanza upya. Kuchonga ni kupunguza: unachonga penseli, mpini wa jembe, kinyago, jiwe, na kilichokwisha kutoka hakirudi. Chuma hufuliwa, na shaba ikiyeyushwa na kumiminwa katika kalibu husubiwa. Kwa hiyo marumaru huchongwa, kwa tindo na nyundo, keekee na tupa. Hata hivyo usilitupe neno lako, kwani huenda ukalihitaji aya inayofuata. Kabla ya kugusa jiwe, Bernini alikuwa akifinyanga vielelezo vya udongo, na baadhi yake vimehifadhiwa katika makumbusho hadi leo. Na siku ukiandika juu ya Hans Arp, mchongaji aliyefariki mwaka 1966, utayahitaji maneno yote mawili. Yale maumbo yake ya mviringo, yanayofanana na kitu kinachoota au kuvimba, aliyaanza kwa plasta, akiongeza hapa na kukwangua pale, ndipo mengine yakachongwa kwa marumaru.

Sasa "laini". Neno hili tumelitwika mzigo mkubwa mno. Unga uliosagwa vizuri ni laini, meza iliyopigwa msasa ni laini, mto wa kulalia ni laini. Ukija kwenye jiwe, mambo yanazidi kuchanganyika, kwa sababu kuna mawe laini kwelikweli. Jiwe la sabuni la Tabaka, kule Kisii, linakwanguka kwa kisu. Matumbawe yanayokatwa baharini yakiwa hai huchongeka kwa urahisi yangali mabichi, kisha hukauka na kuwa magumu. Mafundi wa pwani walichonga mihrabu kwa jiwe la namna hiyo, na maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe inayolingana na mwaka 1107. Basi msomaji akikutana na "marumaru laini" atajiuliza: ni rahisi kuchongwa? Imesuguliwa ikateleza? Au inaonekana kama itabonyea ukiigusa? Wewe ulikusudia hili la mwisho, na sentensi yako haikulisema.

Kuongeza "kama nyama" hakukusaidii. Nyama laini ni ile tunayomwagiza mchoma nyama. Kwa mwili wa mtu aliye hai tuna mnofu, na tuna ngozi.

Ushauri wangu ni kuiacha sifa na kushika kitenzi. Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyoeleza kitu kimefanywa nini na uzito, mkono au hewa: kubonyea, kunepa, kulegea, kutuna, kukunjamana, kudidimia. Itazame sanamu ya Bernini ya Pluto, mungu wa kuzimu wa Warumi, akimteka binti aitwaye Proserpina, ile iliyopo katika jumba la sanaa la Galleria Borghese, Roma. Vidole vya Pluto vimedidimia katika paja la binti, na paja limebonyea kuvizunguka. Mkono wa Proserpina unamsukuma Pluto usoni, na ngozi ya kando ya jicho imekunjamana. Chozi limo shavuni. Sijatumia "laini" hata mara moja, na umekwisha kuuona ulaini wenyewe.

Au chukua godoro. Mwaka 1620 Bernini alichonga godoro la marumaru la kulaziwa sanamu ya kale ya Hermaphroditus, wa hadithi za Kigiriki, aliyelala. Sasa lipo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Ukisema "godoro laini la marumaru", umeandika tangazo la duka la samani. Sema limebonyea pale mwili ulipolalia na kutuna palipobaki wazi, na aliyewahi kulalia godoro la sufi atakuelewa mara moja.

Ukipenda kueleza kwa nini jicho linadanganyika, taja nuru. Marumaru nyeupe haiurudishi mwanga wote pale pale juu; sehemu yake hupenya kidogo ndani ya jiwe kabla ya kutoka, kama inavyofanya kwenye ngozi yetu. Hapo kitenzi ni kupenya. "Kuakisi" peke yake kungeifanya sanamu ionekane kama kioo.

Sentensi yako naiandika hivi: "Bernini aliichonga marumaru hii hata ungedhani paja limebonyea kwa vidole." Ukitaka "utadhani" badala ya "ungedhani", ni sawa, tena huchangamka zaidi.

Nyongeza moja ambayo hukuiuliza, lakini naiona ikikusubiri huko mbele. Sanamu nayo ni I-ZI: sanamu hii ilichongwa mwaka 1621 hadi 1622. Lakini ukiingia ndani ya kisa, Pluto na Proserpina ni A-WA kama mtu yeyote: amemkamata, anamsukuma, analia. Kuvuka kutoka ngeli moja hadi nyingine ndani ya aya moja ni halali kabisa, mradi nomino itangulie. Ukiandika "sanamu analia" mhariri atakukata, na safari hiyo nitakuwa upande wake.