Mkate wa Kumimina Unaumuka, Wewe Soma Kitabu

Mkate wa kumimina hauna kazi nyingi ya mikono. Kazi yake kubwa ni kungoja, na kungoja kwenyewe kumegawanyika: dakika 50 hadi saa moja na nusu mchanganyiko ukiumuka, dakika 15 baada ya kutia sukari, zaidi ya nusu saa motoni, kisha dakika 40 mkate ukipoa. Wengi huuharibu ndani ya vipindi hivyo. Ama wanausahau, ama hawaachi kuuchungulia. Dawa tunayoiamini ni kitabu na kengele ya simu. Kitabu kinakuzuia kufunua sufuria kila dakika tano, na kengele inakuzuia kupotelea kitabuni.

Basi tuanze na mchele, maana hapo ndipo mkate huamuliwa. Tafuta mchele mweupe wa kawaida au basmati, usiwe ule uliochemshwa kiwandani kabla ya kukobolewa. Ule punje zake zimeshapikwa kidogo na kugangamaa, kwa hiyo hata blenda kali huziacha na chengachenga. Osha mpaka maji yawe meupe hafifu, kisha roweka usiku kwa saa sita hadi nane. Jikoni kukiwa na joto kali usipitishe saa 12, mchele huanza kuchacha na harufu yake haifunikwi na iliki. Namna ya kujua umeiva kwa kusagwa: chukua punje moja, ibane kwa kucha mbili. Ikivunjika unga mtupu bila kiini kigumu katikati, iko tayari. Ikiteleza na kuruka, ngoja saa moja tena.

Kwa sufuria ya upana wa sentimita 22 hivi pima hivi: mchele mkavu gramu 400 (vikombe viwili), tui zito mililita 300, sukari gramu 150, hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai, iliki ya kutwanga nusu kijiko cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, ute wa yai moja kubwa, na kijiko cha kulia cha samli au mafuta ya kupaka sufuria. Nazi moja kubwa iliyokomaa, ikikunwa vizuri kwa mbuzi na kukamuliwa kwa maji ya uvuguvugu kidogo, hutoa tui la kwanza la kutosha. Tui la pili usilimwage, lipeleke kwenye maharage ya jioni. Tui la kopo nalo linafaa, ila tikisa kopo kwanza, na likiwa zito kama mtindi punguza kwa maji vijiko vitatu au vinne.

Chuja mchele, uache kwenye chujio dakika kumi maji yote yadondoke. Hatua hii watu huiruka, halafu wanashangaa mbona mchanganyiko umekuwa maji. Punje zimeshakunywa maji yake, na hayo yanayoning'inia nje ni nyongeza usiyoipima. Saga mchele pamoja na tui, hamira, iliki, chumvi na kijiko kimoja tu cha sukari cha kuipa hamira nguvu. Saga kwa vipindi vya dakika moja, ukipumzisha blenda kati yake, kwa sababu blenda ikisaga mfululizo inapata moto na mchanganyiko nao unapata moto. Hamira inataka uvuguvugu tu. Chovya kidole: ukihisi joto la kuoga mtoto, sawa. Ukitaka kuondoa kidole, hamira imo hatarini.

Usagaji umetimia pale unapochukua tone, ukalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, usisikie mchanga hata kidogo. Kwa macho utaona laini mapema sana, ila vidole ndivyo vya kuaminiwa. Chenga zilizobaki hazielei. Zinazama chini ya sufuria na kufanya lile tabaka gumu la kijivu ambalo watu hudhani ni mkate kutoiva.

Uzito wake sasa uwe wa uji mzito unaomiminika kwa mkupuo mmoja bila kukatika. Hapa nasisitiza: usiongeze tui ukiona mzito. Sukari bado haijaingia, na sukari ikiyeyuka hulegeza mchanganyiko kuliko unavyodhania. Anayeuona mzito akaongeza nusu kikombe cha tui, kisha akatia sukari, ameshaupoteza mkate.

Mimina kwenye bakuli lenye nafasi ya mara mbili, funika, weka mahali pasipo upepo. Tega kengele ya dakika 50.

Saa hii ya kwanza ndiyo ndefu, na kitabu chake kiwe cha kukaa nacho. Kwa miezi hii tunapendekeza *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Ni habari ya Yusuf, kijana mdogo anayeondolewa kwao kwenda kwa tajiri anayemwita ami, naye hajui kuwa yeye ndiye malipo ya deni la baba yake. Si kitabu cha kusoma umesimama kando ya jiko. Kinataka kiti, na kinataka usomaji wa kurudi nyuma ukurasa mmoja. Aliyekulia pwani atapata raha nyingine ya kusikia watu hao wakisema lugha ambayo kwa kweli ndiyo wangeisema.

Kengele ikilia, tazama bakuli wala usitazame saa. Dalili ni povu dogodogo limetanda juu yote, mchanganyiko umepanda karibu nusu yake au zaidi, na ukilitikisa bakuli kidogo katikati kunatetemeka. Siku ya joto la Machi dakika 50 zinatosha. Siku za kipupwe, Juni na Julai, unaweza kufika saa moja na nusu. Katikati kukishaanza kubonyea na harufu ikawa ya togwa, umechelewa. Hapo sababu ni ya asili ya mchele wenyewe. Ngano ina ule mnato unaonyooka kama mpira na kuufungia upepo ndani, ndiyo maana donge la maandazi unaweza kulipiga na likaumuka tena. Mchele hauna mnato huo. Vipovu vya mkate wa kumimina vimeshikwa na uzito wa mchanganyiko na ute wa yai tu, vikipasuka vyote havirudi kamwe.

Sasa tia sukari iliyobaki. Piga ute wa yai kwa uma mpaka utoe povu jepesi, usiufikishe kuwa mgumu kama wa keki, kisha uingize. Koroga kwa mwiko taratibu kutoka chini kwenda juu mpaka usisikie sukari ikikwaruza. Funika tena dakika 15. Kiini cha yai kiweke kwenye kikombe, funika, weka kwenye friji. Kina kazi kesho.

Dakika hizo 15 hazitoshi Gurnah. Zinatosha kurasa chache za *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, kinachomleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake. Hiki ni kizuri kusomwa kwa sauti, mmoja anasoma na mwingine anaosha blenda. Mazungumzo yake yamejaa Kiswahili cha Unguja chenye utani na heshima ndani ya sentensi moja, na watoto wa nyumbani wanajifunza maneno bila kuambiwa wanajifunza.

Dakika tano kabla ya kumimina, washa oveni nyuzijoto 180, na weka sufuria nzito juu ya jiko pamoja na ile samli. Pakaza mpaka pembeni. Sufuria iwe moto kweli kweli: dondosha tone la mchanganyiko, litoe sauti ya "chwaa" na kuganda papo hapo. Sufuria ikiwa baridi, mchele unazama na kunata chini kabla haujashikana, na hakuna kisu kitakachoutoa mzima. Koroga mara moja ya mwisho, maana mchele hushuka chini hata ndani ya dakika kumi, kisha mimina wote kwa mara moja na punguza moto uwe mdogo kabisa.

Usifunike. Simama hapo, weka kitabu chini. Kwa dakika nne au tano utaona pembeni kunakauka kwanza, upana wa kidole, kisha matundu madogo yanafunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati, moja baada ya jingine, kama mvua ya kwanza inapogonga mchanga. Yakifika nusu ya njia, ingiza sufuria kwenye oveni, kwenye waya wa katikati. Hakikisha mishikio si ya plastiki.

Uoke dakika 25 hadi 30. Usifungue mlango kabla ya dakika 20. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu washa moto wa juu dakika tatu upate rangi ya kahawia, na hapo usiondoke, sukari na tui huungua ghafla.

Wenye jiko la mkaa hawapungukiwi na kitu, na kwa kweli rangi ya mkate wao mara nyingi hupita ya oveni. Baada ya matundu kufika nusu, bakiza makaa machache chini, kama manne au matano madogo, funika sufuria kwa kifuniko cha bati kilicho bapa, na panga makaa mengi juu yake, hasa pembezoni. Kosa la kawaida ni kuyaacha makaa ya chini kama yalivyokuwa: chini kunaungua dakika ya kumi, juu bado ni uji. Baada ya dakika 20 inua kifuniko kwa koleo, moja kwa moja juu bila kukiinamisha, majivu yasimwagike.

Ukiiva, uache ndani ya sufuria dakika kumi, pitisha kisu pembeni, upindulie kwenye sinia na uuache upoe nusu saa nyingine. Mkate wa mchele ukikatwa moto unanata kisuni kama haujaiva, na wengi huurudisha kwenye oveni na kuukausha bure. Wanga wa mchele unajishika ukipoa. Kwa nusu saa hii ya mwisho kuna *Vuta N'kuvute* cha Adam Shafi, cha mwaka 1999, ambacho waliosoma fasihi kidato cha tano na sita Tanzania wengi wamekutana nacho kama kitabu cha mtihani. Kirudie sasa bila mtihani. Yasmini aliyeozwa kwa mzee, mji wa Unguja wakati wa Mwingereza, siasa za mitaani: ni kitabu cha mwendo wa haraka, na sura zake unaweza kuziacha na kuzirudia bila kupotea. Filamu yake ya mwaka 2021, ya Amil Shivji, itazame baadaye, baada ya kumaliza kusoma.

Kile kiini cha yai kinakwenda kwenye maandazi ya asubuhi. Donge likandwe usiku huo huo: unga wa ngano nusu kilo, sukari gramu 100, hamira nusu kijiko cha chai tu kwa sababu litalala, iliki, samli vijiko viwili vya kulia, kiini, na tui la uvuguvugu kama mililita 230, ukilitia kidogokidogo. Kanda dakika kumi kamili mpaka donge liache kushika mkono, paka mafuta, funika bakuli vizuri, weka kwenye friji saa nane hadi kumi. Asubuhi litoe nusu saa kabla, ligawe manne, sukuma kila moja unene wa nusu sentimita na ushee, kata kila duara vipande vinne, na uyafunike kwa kitambaa dakika 20 yaumuke tena.

Andazi lisilo na tundu ndani lina sababu mbili kubwa: limesukumwa jembamba mno, au limeingia kwenye mafuta yasiyo na moto wa kutosha. Jaribu kwa kipande kidogo cha donge. Kikizama, kikapanda juu ndani ya sekunde tatu au nne na vipovu pembeni, karai iko sawa. Kikikaa chini, ngoja. Kikiwa cha kahawia papo hapo, ipua karai dakika moja. Andazi likishaelea limwagie mafuta ya moto juu kwa upawa, livimbe kabla ya kuligeuza. Hapa hakuna kusoma. Karai ya mafuta haina kipindi cha kungoja, na kitabu kiwe chumba kingine kabisa, si kwa usalama wako tu: tone moja la mafuta kwenye karatasi linapita kurasa tano.

Weka daftari moja la jikoni kwa mambo yote mawili. Upande wa kushoto andika tarehe, aina ya mchele, muda ulioumuka, hali ya hewa, na kilichotokea. Upande wa kulia andika kitabu, ukurasa ulioishia, na neno moja jipya. Baada ya mikate sita au saba utajua mchele wa duka gani unataka tui pungufu, na jiko lako linachukua muda gani hasa, jambo ambalo mapishi ya mtu mwingine hayawezi kukuambia.

Mkate uliobaki usiuweke kwenye friji siku hiyo, wanga wake unakuwa mgumu kama ubao. Funika kwa kitambaa, ule ndani ya siku moja, kwa sababu tui halisubiri. Wa asubuhi ya pili upashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili kila upande.