Kwa nini programu yangu inasema 1000 ina tarakimu tatu?

Swali: Naandika programu ya C ya kuhesabu tarakimu za namba. Nimetumia `(int)(log(n) / log(10)) + 1`. Kwa 100 napata 3, kwa 10000 napata 5, sawa kabisa. Lakini 1000 inanipa 3 badala ya 4! Nikichapisha jibu la mgawanyo kwa `%f` naona 3.000000. Je, math.h (maktaba ya hesabu ya C) ina hitilafu?

Jibu: Ndugu msomaji, math.h haina kosa. Anayekuficha ukweli ni `%f`, maana huonyesha desimali sita tu, tena baada ya kukadiria. Weka `%.17g` uone:

2.9999999999999996

`log()` ya C hutumia kizio e, si 10, kwa hiyo logi ya 1000 na logi ya 10 zote zina desimali zisizo na mwisho, ilhali double (aina ya namba za desimali katika C) ina biti 53 tu za kuhifadhi tarakimu. Kwa hiyo unagawanya namba mbili ambazo kila moja tayari ina kasoro ndogo. Kasoro hizo zikifutana, unasalimika, kama ilivyokuwa kwa 100. Zisipofutana, ndiyo hayo. Jaribu na 1000000, huenda ukapata 6.

Hata hivyo, upungufu mdogo kiasi hicho usingekudhuru kama si `(int)`. Hiyo haikadirii, inakata: chochote kilicho baada ya nukta kinatupwa, hata kikiwa .9999.

Najua mkono unawasha kuweka `round()`. Acha. Logi ya 500 kwa kizio cha 10 ni kama 2.699, ikikadiriwa inakuwa 3, ukiongeza 1 unaambiwa 500 ina tarakimu nne. Umetibu namba moja na kuharibu mamia. `log10(n)` ni afadhali kuliko kugawanya mwenyewe, ila n ikiwa 0 utapata -inf (hasi isiyo na kikomo), na ukiigeuza hiyo kuwa int, C haikuahidi jibu lolote.

Mimi ningeachana na logi kabisa. Namba ni nzima, hesabu nayo ibaki nzima:

```
int t = 0;
do {
    n /= 10;
    t++;
} while (n != 0);
```

Nimetumia `do` makusudi, ili 0 nayo ihesabiwe tarakimu moja. Namba hasi pia zinapita, kwa kuwa tangu C99 (toleo la C la 1999) mgawanyo wa namba nzima hukata kuelekea 0. Angalizo moja tu: lupu hii inaimaliza n, basi ikiwa bado unaihitaji, inakili kwanza.