Pampu kwanza, pawatila baadaye

Ndugu, umeuliza kikundi chenu cha wakulima wadogo kianze na pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, au pampu ya sola. Mimi nasema pampu, bila kusita. Pawatila inalima wiki chache za msimu, kisha inakaa bandani. Hiyo ikodini kwa mwenye nayo. Pampu inawapa mavuno ya kiangazi, wakati mboga sokoni ni adimu na bei iko juu.

Ila kabla ya kununua, pimeni kina cha maji kiangazi kikiwa kimekolea, si masika. Pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, hata iwe na nguvu kiasi gani, kwa sababu kinachoyasukuma kupanda kwenye mpira ni mgandamizo wa hewa. Yakiwa chini zaidi, tafuteni ya kuzamishwa kisimani. Tangi liinueni walau mita 1, maji yateremke yenyewe hadi kwenye mipira ya matone, ile yenye vitundu vya kudondoshea maji kwenye mimea. Na chujio msilisahau! Mchanga kidogo tu huziba vitundu, na mistari mizima ya nyanya inanyauka. Vipuri navyo ulizieni kwanza: sili, ile inayozuia maji yasivuje ndani ya pampu, ikichakaa, mtaipata wapi?