Kuziba mishipa ya goti: kwa aliyeuliza kuhusu mama yake

Mkuu, pole sana na mama. Umeuliza kama tiba ya kuziba mishipa ya damu inaweza kumuepusha na upasuaji wa kubadilisha goti, maana sindano za steroidi hazimsaidii tena. Mimi nilifanyiwa goti la kulia hapa Uingereza, nikiwa ndani ya utafiti wa hospitali.

Kwanza jua inatibu nini. Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, likisagika, utando wa ndani ya goti huvimba, na kwenye uvimbe ule huota vimishipa vipya vya damu vikiandamana na neva zinazopeleka maumivu. Vimishipa hivyo ndivyo vinavyozibwa. Gegedu lililolika halirudi, mguu uliopinda haunyooki. Mwanzilishi wa njia hii ni daktari wa Japani, Yuji Okuno, aliyetumia antibaotiki ya imipenemu, kwa kuwa punje zake huziba kwa muda kisha huyeyuka. Wengine hutumia chembe za kudumu, ndogo kuliko nusu milimita.

Hakuna nusu kaputi. Nilipigwa ganzi kwenye kinena, wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa mkubwa wa paja hadi gotini, wakifuata njia kwenye skrini ya eksirei. Juu ya goti waliniwekea barafu ili mishipa ya ngozi inywee, chembe za kuzibia zisije zikaingia huko na kuleta vidonda kwenye ngozi. Dawa ya kuonyesha mishipa ilipofika upande wa ndani wa goti, pale panaponiuma, skrini iliingia weusi kama wino uliodondokea karatasi, na maumivu yaleyale ninayoyajua yakapanda papo hapo. Daktari akaniuliza, "Ni hapo?" Nikamwambia ndipo. Jioni nilirudi nyumbani, kinena kina kijiuvimbe na goti lina mabaka yaliyofifia baadaye.

Nafuu haikuja siku hiyo. Ilikuja taratibu, wiki baada ya wiki. Leo nashuka ngazi bila kushika ukuta na nasujudu chini badala ya kuswali kwenye kiti. Kwangu hilo ni jambo kubwa mno.

Ila goti langu lilikuwa daraja la 2 kwenye kipimo cha Kellgren na Lawrence, kinachosoma kwenye eksirei goti limesagika kiasi gani, chenye mwisho wa 4. Kama la mama limefika 4, mfupa unagusa mfupa, nafuu huwa ndogo na haidumu, na hapo ningemsikiliza daktari wa mifupa bila kusitasita. Tena usikubali mtu akuuzie hii kama tiba iliyokwisha kuthibitishwa: mwaka 2021 NICE, wanaotoa miongozo ya tiba hapa, walisema ifanywe ndani ya utafiti tu.

Kwa hiyo mpeleke apigwe eksirei akiwa amesimama. Ya kulala huficha jinsi nafasi ya goti ilivyobana. Pima na figo, kwani ile dawa ya kuonyesha mishipa hupitia huko, na kama ana kisukari au anatumia dawa za kuyeyusha damu, sema mapema. Wanaofanya kazi hii ni madaktari wa radiolojia tiba, yaani wanaotibu kwa kuongozwa na picha kama za eksirei, si wa mifupa. Kwa Tanzania ningeanza kuuliza Muhimbili, maana ndiko wanakofundishwa madaktari wa fani hiyo.

Ukipata majibu ya eksirei, andika hapa wamempa daraja gani.