Maswali ya Wasomaji: Walio Kivu na Waliobaki Lubumbashi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka katika nyumba ambazo mume, mtoto au ndugu yuko jeshini Kivu, mashariki mwa Kongo. Tumechagua tano.

Bwana wangu yuko milimani Kivu ya Kaskazini. Nilimpelekea kapenta (dagaa), karanga na sabuni kupitia mtu aliyepanda ndege. Vilipofika, kapenta zilikuwa na ukungu na karanga zilinuka sabuni. Shida ni nini?
*Mama Mapacha, Katuba*

Mama Mapacha, kapenta za sokoni huonekana kavu, kumbe ndani bado zina maji. Ukizifunga kwenye plastiki zikiwa na joto la jua, mvuke wake hugeuka matone na ukungu hushika baada ya siku chache. Zianike upya siku nzima, au mbili kukiwa na mawingu, huku ukizigeuza. Kisha chukua moja uikunje. Ikikatika papo hapo, iko tayari. Ikipinda tu, zirudishe zote juani. Ziache zipoe kivulini kabisa ndipo ufunge, mfuko ndani ya mfuko, hewa yote ukiisukuma nje kwa mkono. Fungasha mifuko minne ya nusu kilo badala ya mmoja wa kilo 2, maana akifungua mmoja ile mingine haiguswi na unyevu wa huko.

Karanga zikaange bila mafuta wala chumvi, kwa kuwa chumvi huvuta maji. Kabla ya kukaanga, chambua moja moja: iliyosinyaa, yenye doa la kijani au jeusi, tupa. Sumu ya ukungu wa karanga haiondoki kwa moto wa jikoni. Nayo sabuni isiwe kabisa katika mzigo mmoja na chakula, hata ukiifunga mara tatu, kwa sababu mafuta ya karanga hunyonya harufu yoyote iliyo karibu.

Chikwangue, ule mkate wa muhogo, usipeleke, haitafika nzima. Unga wa bukari (ugali) ni mzito bure, huko unapatikana. Weka pilipili kavu ya kusaga, soksi, sindano na uzi, nyembe. Wali na maharage ya kila siku huchosha ulimi, na pilipili kidogo hapo ni zawadi kubwa kuliko unavyofikiri. Juu ya mzigo andika jina lake na simu ya mtu atakayeupokea mjini. Jina la kikosi au la kijiji walipo lisionekane popote.

Nimemaliza mafunzo, naambiwa nitaenda mashariki. Wakubwa wanasema miguu ndiyo itakayonisumbua. Nijiandae vipi?
*Kijana wa Ruashi*

Wamekuambia kweli, kijana. Hapa Lubumbashi tuna miezi mizima bila tone la mvua, kuanzia Mei hadi Septemba. Kivu kiangazi chake ni kifupi, na milima ya Masisi inapita mita 2,000, kwa hiyo utalowa na utasikia baridi kwa pamoja. Mguu unaokaa ndani ya buti yenye maji siku mbili tatu hukosa damu ya kutosha. Kwanza unawasha, halafu unakufa ganzi, ngozi inakuwa nyeupe yenye mikunjo, mwisho inapasuka na kuoza. Si lazima kuwe na barafu. Maji na baridi ya kawaida vinatosha.

Beba jozi tatu za soksi, za sufu au mchanganyiko, maana pamba tupu hushika maji. Moja iko mguuni, ya pili inakauka, ya tatu imefungwa ndani ya plastiki na haivaliwi ila wakati wa kulala. Hiyo ya tatu ndiyo vijana hushindwa kuilinda: mvua ikinyesha wanaivaa mchana, na usiku hawana kitu kikavu. Soksi mbichi isipopata jua, ikamue, uiweke kati ya shati na mwili. Joto lako litaikausha polepole. Kila ukipumzika kwa muda wa kutosha vua buti, pangusa katikati ya vidole, kaa miguu ikiwa juu kidogo. Kwa siku nzima tafuta jumla ya saa 8 za miguu mikavu, usingizi ukiwemo.

Kamba usizikaze sana, zinazuia damu. Buti ikilowa, toa soli ya ndani, jaza karatasi na uzibadilishe zikishanyonya. Usiiweke kando ya moto: gundi inalainika, ngozi inapasuka, na mawe ya volkano ya upande wa Goma, makali kama wembe, yatamalizia soli iliyoanza kuachia. Mguu ukishakufa ganzi usiusugue wala usiuote motoni, kwa sababu utaungua bila kusikia. Ukaushe, uufunike, umwone mganga wa kikosi siku hiyo hiyo. Wengi huficha wakiogopa kuitwa wavivu, na hao ndio hurudi wakibebwa.

Mwanangu anasema karibu na Sake walikatazwa kulala kwenye mashimo kwa sababu ya mazuku. Ni uchawi au ni kitu cha kweli?
*Mzee wa Kamalondo*

Ni cha kweli, Mzee, na amri hiyo ni nzuri. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi ya volkano, kaskazini mwa Ziwa Kivu, kati ya Goma na Sake. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, haina rangi wala harufu, kwa hiyo hujaa katika mabonde madogo na mashimo ya lava kama maji yanavyojaa kwenye beseni. Hatari kubwa ni usiku na alfajiri pasipo na upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa salama mahali ambapo mbwa, mtoto au aliyelala chini anakufa.

Dalili ni wadudu, ndege au mijusi waliokufa sehemu moja. Moto wa kibiriti ukiteremshwa hadi usawa wa kifundo cha mguu ukazimika wenyewe, ondokeni mara moja mpande juu. Ila moto ukiendelea kuwaka si ruhusa ya kulala hapo, gesi inaweza kuja baadaye. Mwenzake akianguka shimoni, asimfuate mbio: anayeinama kumwinua naye huvuta gesi ile ile. Amvute kwa kamba kutoka juu.

Mwambie pia kuhusu maji. Mvua inayokingwa karibu na Nyiragongo inaweza kuwa na floraidi nyingi kutokana na moshi wa volkano, na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha maji yanapopungua. Ya ziwani yanahitaji klorini kwa sababu ya kipindupindu: kidonge cha miligramu 67 kwa lita 20 za maji maangavu, kisha asubiri nusu saa.

Mdogo wangu akipata malaria hunywa dawa siku moja, nyingine anawagawia wenzake. Ni sawa?
*Dada mkubwa, Kampemba*

Si sawa, dada. Dozi ya mtu mzima ya artemeta na lumefantrini, kwa vidonge vya miligramu 20/120, ni vidonge 24: vinne mara moja, vinne baada ya saa 8, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Homa hushuka mapema, wadudu bado wamo, na kwa kugawana, hakuna hata mmoja anayepona. Avinywe na chakula chenye mafuta: avoka, karanga, mawese. Akitapika kabla ya saa moja kupita, arudie dozi hiyo.

Pawabenki ya mAh 10,000 niliyomnunulia mume wangu haijazi hata simu mbili vizuri. Nimeibiwa?
*Mke wa sajini, Kenya ya hapa Lubumbashi*

Huenda hujaibiwa, shemeji. Namba hiyo hupimwa kwa nguvu ya betri ya ndani, volti 3.7, na simu inapokea volti 5. Ukitoa na umeme unaopotea kama joto, inabaki kama 6,000 hivi. Simu ya betri ya 4,000 itajaa mara moja na nusu. Mtandao ukiwa hafifu simu hula chaji ikitafuta mnara, kwa hiyo aizime na kuiwasha kwa saa mliyopatana. Na siku ambayo simu haishiki, aandike ujumbe mfupi: mtandao huuhifadhi na kuujaribu tena, hata simu yako ikiwa imezimwa wakati huo.