Zabbix na Windows: Acha kompyuta zenyewe zibishe hodi

Ofisi nyingi ninazohudumia hapa Lubumbashi zinafanana: seva ndogo ya Linux pembeni, kompyuta za Windows ya Kifaransa kila meza, na tawi la Likasi au Kasumbalesa linalotumia modemu ya simu. Ndugu yangu unayetaka kuzifuatilia zote kwa Zabbix, programu ya kuchunguza hali ya kompyuta, usitegemee seva izifuate huko ziliko. Ziache ziifuate seva.

Ukijaza mstari wa Server peke yake kwenye faili ya mipangilio ya ajenti (programu ndogo ya Zabbix inayowekwa kwenye kila kompyuta), seva ndiyo huja kuuliza hali, kwenye poti 10050. Ndani ya jengo moja inatosha. Kompyuta iliyo nyuma ya modemu, lakini, haifikiki kirahisi kutoka nje, na faiawali (firewall) ya Windows hukataa wanaoingia. Ukijaza ServerActive, ajenti yenyewe hubisha hodi kwa seva kwenye poti 10051. Kule tawini hufungui kitu. Kwa kuwa data zitapita kwenye intaneti, weka na ufunguo wa siri (TLSConnect=psk) siku hiyohiyo.

Hostname, yaani jina la kompyuta kwenye faili hiyo, iandikwe herufi kwa herufi kama ulivyoisajili kwenye seva. COMPTA-01 na Compta-01 ni kompyuta mbili tofauti machoni pa Zabbix, na logi ya ajenti itakuambia "not found". Kisha, kwenye seva, chagua templeti (seti ya vipimo vilivyo tayari) ya "Windows by Zabbix agent active", ile yenye neno "active" mwishoni.

Jambo linalotuhusu sana sisi wa Kongo ni lugha. Vipimo vya Windows vina majina ya lugha ya mfumo: palipo "Processor", Windows yetu ina "Processeur". Kipimo ulichonakili mahali kikitumia perf_counter na jina la Kiingereza, hakitaleta kitu. Tumia perf_counter_en, inayoelewa majina ya Kiingereza hata kwenye Windows ya Kifaransa. Ningependa kila fundi mpya aanze na hili.

Umeme na mtandao vikikatika, Zabbix agent 2, toleo jipya la ajenti, inaweza kutunza data kwenye diski, ila lazima uiwashe: EnablePersistentBuffer=1, na PersistentBufferFile uipe njia ya faili. Muda wa kawaida ni saa 1. Mimi huuongeza kwa PersistentBufferPeriod, maana saa 1 kwetu ni kidogo mno. Tawi lenye kompyuta nyingi liwekee proksi ya Zabbix, inayokusanya data za tawi na kuzipeleka kwa seva.

Anza na kompyuta moja. Chomoa kebo ya mtandao dakika 10, irudishe, utazame grafu. Kama haina pengo, nenda kwenye ya pili.