Usifunge matairi mawili ya theluji mbele ukaacha ya kiangazi nyuma

Mkuu mleta uzi, usiyanunue hayo matairi mawili. Kama umeshalipa, rudi leo hii ukaongeze mawili mengine, au udai hela yako. Maneno uliyoambiwa na huyo muuzaji ndiyo yale yale niliyoambiwa mimi, na nimeshindwa kupita hapa kimya.

Kwa mnaoingia sasa: mwenzetu ana gari dogo linalovuta mbele. Wiki ijayo anapanda milimani, na hajawahi kuendesha kwenye theluji. Muuzaji amemwambia afunge matairi mawili ya theluji mbele, nyuma abaki na ya kiangazi, na cheni, yaani minyororo ya kuvalisha matairi kwenye theluji, aziweke kwenye buti kwa dharura. Anauliza kama hayo yanatosha, cheni za aina gani anunue, na sheria inasemaje.

Hayatoshi. Tena afadhali ungebaki na manne ya kiangazi, kwa sababu gari lingekataa kupanda mlima na ungelala nyumbani.

Mimi nilifunga mawili. Muuzaji aligonga boneti kwa kidole akaniambia: "Injini iko hapa, nguvu iko hapa, breki kubwa ziko hapa. Ya nyuma yanafuata tu." Nilimwamini kwa sababu karibu kila alichosema ni kweli. Injini iko mbele kweli. Nguvu inakwenda mbele kweli. Ukikanyaga breki, uzito wa gari unahamia mbele na breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Uongo ulikuwa kwenye yale maneno manne ya mwisho.

Magurudumu ya nyuma hayafuati tu. Yana kazi ya kulishika gari lisigeuke. Kwenye kona, matairi yote manne yanang'ang'ania barabara kwa ubavu, na ya nyuma yakiachia kabla ya ya mbele, mkia wa gari unatoka nje na kutaka kuyapita ya mbele. Sasa ongeza mteremko: uzito tayari umeelemea mbele, nyuma pamekuwa pepesi. Ongeza mguu unaotoka kwenye mafuta au kugusa breki: nyuma panazidi kuwa pepesi. Na huko nyuma umeweka raba ya kiangazi, ambayo baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi inaanza kukakamaa, na kwenye theluji inateleza kama soli ya kiatu cha plastiki kwenye vigae vilivyolowa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: ukifunga mawili mbele, gari linakudanganya. Mimi nilijaribu kwanza, sikuondoka kichwakichwa. Nilikwenda kwenye uwanja wa maegesho uliojaa theluji, nikaondoa gari, likachomoka bila kuzungusha matairi. Nikafunga breki nikiwa nimenyoosha, likasimama vizuri. Nikapanda kilima kidogo, likapanda. Kila nilichojaribu kilikuwa ni kazi ya magurudumu ya mbele, na ya mbele yalikuwa mazuri kabisa. Hakuna hata jaribio moja lililoyauliza ya nyuma. Nikarudi nyumbani nimeridhika, nikapakia mizigo.

Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu kando yangu, na mwanangu nyuma kwenye kiti chake. Kupanda hakukuwa na shida. Tulipita magari yaliyokwama pembeni na nikajiona nimenunua kitu cha maana. Shida ilikuwa kushuka. Jioni, kipimajoto cha dashibodi kinasoma nyuzi 1. Hapo ndipo pabaya kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu barafu iliyo karibu na kuyeyuka ina utando wa maji juu yake, na huteleza kuliko barafu ya baridi kali. Nilikuwa kwenye kilomita 40 kwa saa, siyo mwendo wa kujionyesha. Kona ya kushoto, imejikunja kidogo zaidi ya nilivyotegemea. Nikatoa mguu kwenye mafuta. Hicho tu ndicho nilichofanya, nilitoa mguu.

Ile sauti ya theluji kusagika chini ya matairi, ambayo tulikuwa tumeizoea kiasi cha kutoisikia, ikakatika. Kimya. Taa ya njano ya mfumo wa kuzuia kuserereka ikaanza kumwekamweka. Mfumo ule unafunga breki kwa gurudumu mojamoja ili kulinyoosha gari, lakini nao unategemea mshiko wa tairi. Haujui kutengeneza mshiko ambao haupo. Nikaona kingo ya barabara ikipita kwenye kioo cha mbele kutoka kushoto kwenda kulia, na hapo ndipo nikafanya kosa la pili: nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likazunguka nusu mzunguko na kuipiga kingo kwa ubavu wa nyuma. Chupa ya maji ilitoka kwenye kishikio ikaviringika miguuni mwangu, na kwa sekunde kadhaa hiyo ndiyo sauti pekee niliyoisikia. Kisha mwanangu akalia, na sijawahi kushukuru kusikia kilio kama siku ile.

Mwanangu hakuumia. Mdogo wangu alivunjika mfupa wa mtulinga, miezi miwili hakuweza kuinua mkono kuchana nywele. Gari halikutengenezeka, chesisi ilipinda. Kampuni ya bima ilimtuma mkaguzi, naye kabla hata hajaangalia bodi akapiga picha matairi manne, moja baada ya jingine, akaandika. Malipo yakapunguzwa. Niliokoa bei ya matairi mawili, nikapoteza gari zima na mfupa wa ndugu yangu.

Nilirudi kwa yule muuzaji. Sikwenda kugombana, nilitaka tu ajue. Akaniambia kosa langu ni kutoa mguu kwenye mafuta ghafla. Basi mtu anayeuza matairi ya theluji anauza tairi ambalo dereva akitoa mguu kwenye mafuta gari linageuka, na haoni kuwa alipaswa kusema. Angeniambia "mawili tu sikufungii," ningekasirika siku moja na kwenda zangu. Wapo mafundi wanaokataa kabisa kuyafunga mawili peke yake, na watu wanawasema vibaya kwamba wanalazimisha biashara. Mkimpata fundi wa namna hiyo, mshikeni.

Kwa hiyo kanuni yangu: manne, ya aina moja, saizi moja, uchakavu unaolingana. Ikitokea yamechakaa tofauti kidogo, yenye kashata ndefu, yaani yale meno ya raba, yanafungwa nyuma, hata kwa gari linalovuta mbele. Najua inaonekana kama kinyume. Watengenezaji wa matairi wenyewe wanaelekeza hivyo, kwa sababu ya mbele yakiteleza gari linakwenda moja kwa moja na unalihisi kwenye usukani, una nafasi ya kupunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, dereva wa kawaida hana muda huo.

Na usitazame maandishi ya M+S peke yake. Herufi hizo ni tamko la mtengenezaji kwamba kashata zimekatwa kwa ajili ya tope na theluji. Tairi halilazimiki kufaulu jaribio lolote ili kuandikwa hivyo. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tairi hilo limepimwa kwenye theluji na kulishinda tairi la kulinganishia. Lakini hata alama hiyo haisemi chochote kuhusu barafu tupu, kwa hiyo usiione ukajiachia. Wakati umeinama pale, tafuta na tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 3519, tairi limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata ikiwa stoo. Halafu pima kina cha kashata. Sheria nyingi zinaruhusu milimita 1.6, lakini kwenye theluji hiyo ni kipara. Austria wanataka angalau milimita 4 ili tairi lihesabike kuwa la baridi, na mimi nafuata hiyo popote nilipo.

Sasa cheni. Cheni siyo dawa ya matairi ya nyuma, na hapa naona ndipo muuzaji wako atakapokujia mara ya pili: "Una cheni, unaogopa nini?" Gari lako linavuta mbele, cheni zitafungwa mbele, na utakuwa umerudi palepale: mbele panang'ata, nyuma panateleza. Cheni ni za kukutoa kwenye kipande kibaya polepole. Ujerumani sheria yenyewe inasema ukiwa na cheni usizidi kilomita 50 kwa saa hata hali iwe nzuri namna gani, na kwenye mteremko mimi siifikii hata nusu ya hiyo.

Kununua: cheni zinafuata saizi ya tairi iliyoandikwa ubavuni, kama 205/55 R16, yote, siyo hiyo 16 peke yake. Kabla hujanunua fungua kitabu cha gari. Magari mengi ya siku hizi yana nafasi finyu kati ya tairi na shokapu, na cheni nene inaweza kukata bomba la breki. Kitabu kitakwambia unene unaoruhusiwa, na saa nyingine kitakwambia cheni hazifungwi kabisa kwa rimu ulizonazo. Hapo kuna cheni nyembamba za waya, au soksi za kitambaa, ambazo zinavalika haraka ila zinararuka upesi kwenye lami kavu. Mwenye gari linalovuta magurudumu yote manne naye asikisie, kitabu kinasema cheni zikae mbele au nyuma.

Zifunge kwanza nyumbani, mchana, mikono ikiwa mikavu. Mara mbili. Nilimwona mama mmoja kando ya barabara amepiga magoti kwenye theluji, glavu ameivua kwa sababu hawezi kushika ndoano akiwa nayo, vidole vimekuwa vyekundu, na cheni imejisokota kama mkufu uliotupwa kwenye droo. Nilisimama tukaifungua pamoja, ilituchukua zaidi ya nusu saa. Kama ndoano zina mdomo wazi, mdomo uangalie nje, usiguse ubavu wa tairi. Ukishafunga, nenda mita 50 hadi 100, simama, kaza upya, maana lazima zitalegea. Ukifika kwenye lami tupu, zivue. Sanduku lake liwe na glavu za mpira, tochi ya kuvaa kichwani na kipande cha turubai cha kupigia magoti.

Sheria inategemea unapita wapi, na kila nchi ina yake. Quebec, magari yaliyosajiliwa kule lazima yawe na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ufaransa, kwenye maeneo ya milimani yaliyotangazwa, kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi uwe na matairi manne ya baridi au ubebe cheni za angalau magurudumu mawili yanayovuta. Angalieni hiyo: manne. Hawakuandika mawili. Ujerumani hawana tarehe, wanaangalia hali ya barabara, na tangu 1 Oktoba 2024 wanahesabu tairi lenye ule mlima wa vilele vitatu tu, M+S pekee haikuokoi. California wana ngazi tatu za kulazimisha cheni, R1, R2 na R3. Kwenye R2 gari linalovuta manne lenye matairi ya theluji pande zote linapita bila kufunga cheni, mradi limezibeba. Kwenye R3 kila gari linafunga, hakuna msamaha. Sasa angalia jambo hili: kwenye R1 gari dogo lenye matairi ya theluji kwenye magurudumu mawili yanayovuta linaruhusiwa kupita, mradi limebeba cheni. Askari atakupungia mkono upite ukiwa na mawili tu, kisheria huna kosa, na kona itakayofuata haijui hiyo sheria.

Mkuu, mkia ukikutoka licha ya yote, usifanye nilichofanya mimi. Usiguse breki. Tazama unakotaka kwenda, siyo kingo, na mikono ipeleke usukani huko huko unakotazama, kwa wepesi. Jizoeze kwenye uwanja mtupu kabla ya safari, ila jaribu kona. Usiishie kuondoka na kusimama kama nilivyofanya.

Nakuomba leo usilipe kitu. Nenda dukani, piga picha ubavu wa tairi unalouziwa, ionekane saizi, alama ya mlima na zile tarakimu nne. Kisha piga picha ya matairi yako ya nyuma yaliyopo sasa. Ziweke hapa. Nitakuwepo jioni, na kama bado anakwambia ya nyuma yanafuata tu, niambie nimpigie simu mwenyewe.